Winta ya Pwani Haiji na Sweta, Inakuja na Upepo: Soma Utabiri Kabla Utume Pesa ya Boti

Juni imeingia Kanairo na unajua venye hii maneno huenda. Asubuhi jua limekataa kutoka, chapati ya steji inapoa kabla ufike nusu, mathree zimefunga madirisha yote na kila mtu ghafla ana hudi mbili. Kwa simu, mbogi imeanza ile stori ya kila mwaka: hii baridi itatumaliza, tushukeni Pwani Agosti. Kuna mmoja ashaulizia tiketi za SGR. Mwingine ashatuma picha ya nyumba ya kukodi yenye bwawa. Na kuna yule mmoja, kila mbogi iko na yeye, anataka boti ya kwenda kuona pomboo.

Sina shida na hiyo plani. Shida yangu ni vile tunasoma utabiri wa hewa. Utabiri wa Juni, Julai na Agosti ukitoka, vichwa vya habari vyote ni vya sweta: baridi itauma wapi, itauma hadi lini. Pwani inawekewa mstari mmoja huko chini, ati mvua za hapa na pale, kisha tunasonga. Hapo ndipo tunakosea, juu Pwani pia iko na winta yake. Hiyo winta haijali sweta yako. Inakuja na upepo. Wenyewe wanaiita kusi, na kuna nyumba Kwale, Kilifi na Lamu ambazo kusi ndio huamua kama leo kuna kitoweo, ama kama baba atarudi jioni.

Wacha nikufungulie hii stori polepole. Mimi college niliacha, so usiogope, hakuna hesabu ngumu hapa.

Kwanza, hii ni winta ya ukweli

Kenya imekatwa na ikweta. Nairobi iko kusini ya huo mstari kidogo tu, digrii moja na kitu. Mombasa iko kusini zaidi, digrii nne. Kwa hivyo Julai, wakati watu wa Ulaya wanavua mashati, sisi tuko upande mmoja na wasee wa Johannesburg na Sydney, ambao wako katikati ya winta. Yetu imepunguzwa makali juu tuko karibu na ikweta, lakini ni msimu ule ule.

Tofauti ya Nai na Mombasa ni urefu. Nairobi imekaa karibu mita 1,700 juu ya bahari. Julai, joto la mchana linacheza hapo 21 ama 22, na usiku linashuka hadi 11 ama 12. Mombasa iko chini kabisa, usawa wa bahari, na Julai mchana ni kama 27 ama 28, usiku kama 20. Kwako wewe hiyo ni likizo. Kwa mtu wa Mombasa ambaye Machi alikuwa anachemka kwa nyuzi 32 na 33, hiyo ni kipupwe, na ukimwona kwa boda saa moja jioni amevaa jaketi zito, usimcheke.

Sasa huo upepo unatoka wapi? Angalia ramani ya Bahari ya Hindi, shuka kusini hadi pale Mauritius na Réunion. Hivyo visiwa vinaitwa Mascarene. Kila mwaka miezi hii, hewa baridi na nzito hujikusanya kusini-mashariki mwa hapo, kama tairi iliyojazwa pumzi kupita kiasi. Upande wa pili, India na Asia ya kusini zimepashwa joto na hewa ya huko imekuwa nyepesi. Hewa ikibanwa huku na ikiitwa kule, itafanya nini? Itakimbia. Na barabara yake inapita mbele ya Vanga, Diani, Mombasa, Kilifi, Malindi hadi Lamu, inavuka ikweta, kisha inakata kona kuelekea India, ambako inaangusha ile mvua kubwa ya monsuni.

So upepo unaopeperusha kofia yako pale Mama Ngina Waterfront Julai uko safarini. Umetoka winta na unaenda kunyesha Mumbai.

Kusi huanza kuingia kama Aprili, huwa na nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti, kisha hulegea Septemba na Oktoba. Baadaye upepo unageuka kabisa, unatoka upande wa Arabuni na India, na hapo tunaita kaskazi, Desemba hadi Machi. Katikati kuna kipindi cha matlai, bahari ikiwa imetulia. Majahazi yalijengewa ratiba juu ya hii kitu kwa mamia ya miaka: wanakuja na kaskazi wakiwa na tende, wanarudi na kusi wakiwa na boriti za mikoko na pembe. Na hata hao manahodha wa zamani, watu ambao bahari ilikuwa ni nyumba yao, hawakupenda kuwa katikati ya maji kusi ikiwa imekasirika. Waliwahi kuondoka mapema, ama walingoja ilegee.

Shika hiyo, tutairudia.

Utabiri unasomwa kama mkeka

Kila mwisho wa Mei, Idara ya Hali ya Hewa, ile yenye ofisi zake ziko Dagoretti Corner, hutoa utabiri wa miezi mitatu. Wenzao wa ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha nchi za IGAD, nao hutoa wao wa eneo lote la Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki. Zote ni bure. Ukifungua utapata ramani ya mvua na ramani ya joto, zimepakwa rangi, na asilimia juu yake.

Hapo ndipo watu huachana nayo. Lakini wewe unabeti kila wikendi, so hii unaijua tayari bila kujua unaijua.

Mechi ya mpira iko na matokeo matatu: nyumbani, sare, ugenini. 1X2. Utabiri wa msimu pia uko na matatu: mvua juu ya kawaida, mvua ya kawaida, mvua chini ya kawaida. Kama hatujui kitu chochote, kila moja linapata asilimia 33. Sasa wataalamu wakiangalia joto la bahari na mwenendo wa pepo, wanasukuma hizo namba. Wakisema Pwani iko na asilimia 45 ya kupata mvua juu ya kawaida, wanamaanisha hiyo timu imependelewa kidogo. Hawajasema imeshinda. Bado kuna 55 upande ule mwingine. Mvua ikikataa, hawakudanganya. Wewe mwenyewe umewahi kuweka timu inayopendelewa na ikakuchomea mkeka dakika ya 90.

Kitu cha pili, hiyo "kawaida" ni ya wapi? Ni ya mahali hapo na miezi hiyo. Mombasa mwezi wa mvua nyingi zaidi ni Mei, na haikauki ghafla tarehe moja Juni. Pwani ni kati ya sehemu chache za Kenya ambazo mvua inaendelea Juni hadi Agosti, pamoja na ule upande wa magharibi wa Bonde la Ufa. Kaskazini mashariki miezi hiyo ni ukavu tu. Kwa hivyo Mombasa ikiandikiwa "chini ya kawaida" bado inaweza kukunyeshea kuliko Garissa iliyoandikiwa "juu ya kawaida". Usisome rangi ya ramani bila kuuliza kawaida ya hapo ni gani.

Kitu cha tatu, utabiri wa msimu haujui Jumamosi yako. Unakuambia miezi mitatu kwa jumla itaegemea wapi. Kwa siku, kuna utabiri wa wiki na wa siku tano. Na mvua ya Pwani miezi hii ina tabia yake: mara nyingi inaingia kutoka baharini usiku ama alfajiri, inapiga kama nusu saa, halafu saa nne jua limewaka kama hakuna kitu kimefanyika. Ndio maana msee anaamka Diani saa moja, anaona mvua, anaandika kwa grupu kuwa likizo imeharibika, na saa sita yuko kwa maji.

Kile ramani haikuonyeshi

Sasa hapa ndipo nilitaka tufike. Ramani kubwa za msimu ni mbili: mvua na joto. Ndizo zinazoingia kwa habari ya saa moja. Lakini Pwani miezi hii, ile kitu inayoua mtu na kufunga biashara si mvua na si baridi. Ni upepo na mawimbi. Na upepo hauji kwa ramani ya rangi. Unakuja kwa onyo fupi: kwamba kuanzia siku fulani hadi siku fulani, upepo wa kusini ama kusini-mashariki unaweza kuzidi noti 25 na mawimbi yatapita mita mbili, wenye vyombo vidogo wawe macho.

Noti 25 ni karibu kilomita 46 kwa saa. Ukiwa kwa nganya Thika Road hiyo ni mwendo wa foleni. Ukiwa kwa mtumbwi wa mbao nje ya mwamba, na wimbi la mita mbili ambalo ni refu kukuliko wewe, ni stori ingine. Ongeza mkondo wa bahari. Kando ya Pwani yetu kuna mkondo unaoelekea kaskazini mwaka mzima hadi maeneo ya Malindi, na kusi ikisukuma kutoka nyuma, mkondo huo huongeza kasi. Injini ikizima, hautangoja palepale usaidiwe. Unabebwa.

Lamu wanalijua hili kuliko wote, juu huko boti ndio mathree. Mtu wa Faza ama Kizingitini akienda hospitali, akienda ofisi ya kaunti, akipeleka mtoto shule, ni maji. Agosti 2017, boti iliyokuwa imebeba watu wa familia moja ilizama huko Lamu, na wengi wao hawakurudi. Katikati ya msimu wa kusi. Ilikuwa habari kwa siku chache, kisha nchi ikarudi kwa siasa za uchaguzi.

Bili inalipwa na nani

Wavuvi wengi wa Pwani yetu ni wa vyombo vidogo: mitumbwi, madau, mashua za tanga, wachache wenye injini ndogo. Kaskazi ikiwa imetulia wanatoka nje, wanafuata jodari, nguru na papa. Kusi ikiingia wanarudishwa ndani ya mwamba, wote wanabanana kwa maji yale yale ya karibu, wanafukuza tafi, changu na pweza. Siku zingine hata hapo ndani hapaingiliki. Wanakaa bandani, wanashona nyavu, wanaangalia maji.

Siku ya kukaa hailipi. Kijana wa kazi kwa chombo halipwi mshahara, analipwa fungu la kile kimepatikana. Hakijapatikana kitu, hakuna fungu. Mama karanga, yule anayenunua samaki ufuoni na kukaanga jioni pale kwa barabara, naye hana cha kukaanga, ama ananunua ghali na wateja wanamkunjia uso. Halafu kuna tajiri. Huyo ndiye amekopesha nyavu, injini, wakati mwingine hata unga wa nyumbani, na analipwa kwa samaki. Deni halina kipupwe.

Sasa jiweke hapo. Simu inaingia ujumbe: upepo mkali siku tatu zijazo. Ujumbe ni sahihi, umefika kwa wakati, na yule msee wa Dagoretti amefanya kazi yake vizuri kabisa. Lakini hujashuka maji siku nne, tajiri amepita asubuhi, na nyumbani gesi imeisha. Utakaa? Tunapenda kusema wavuvi ni wabishi, hawasikii onyo. Mimi naona wengi wanalisikia vizuri sana. Wanapiga hesabu, na hesabu inawaambia waende.

Ndio maana nakasirika kila mwaka tukisikia bahari "imechafuka ghafla". Ghafla gani? Kusi iko na kalenda. Ilikuwepo kabla ya Vasco da Gama kufika Malindi 1498. Hatujui itapiga Jumanne gani, hiyo ni kazi ya utabiri wa siku tano. Lakini kwamba kati ya Juni na Agosti kutakuwa na wiki ambazo chombo kidogo hakitatoka, hiyo hata mtoto wa Shimoni anaijua.

Kitu chenye kinakuja kila mwaka unakiwekea bajeti. Na hapo kuna utani mmoja mbaya sana. Mwaka wa fedha wa serikali, ya kitaifa na za kaunti, unaanza tarehe 1 Julai. Yaani wakati kusi iko kileleni, kaunti ndio zinafungua daftari mpya na kungoja pesa kutoka Nairobi, na kila mwaka unasikia magavana wakilia kwamba imechelewa. Msaada wowote wa kusi ambao haukupangwa na kulipwa kabla ya Juni, utafika matlai ikiwa imeingia na bahari imelala.

Si ati Kenya haijui kufanya hii kitu. Huko Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir kuna mpango wa Hunger Safety Net unaotumia familia maskini pesa, na ukame ukizidi, familia zingine zinaongezwa. Wazo ni rahisi: dalili zikifika kiwango fulani, pesa inatoka, hakuna kungoja mtu afe ndio kamati ikae. Kusi inaweza kupimwa hivyo hivyo. Upepo ukizidi noti 25 siku kadhaa mfululizo, vikundi vya BMU, ambavyo vinajua kila chombo na mwenye chombo kwa ufuo wake, vinapata kitu cha kushikilia nyumba. Kidogo tu, cha unga na cha kunyamazisha tajiri. Ongeza jaketi za kuelea za bei ya mtu wa kawaida, na boti za uokoaji ambazo kweli ziko na mafuta. Kenya Coast Guard Service ilizinduliwa Liwatoni Novemba 2018. Swali la kuuliza mbunge na gavana wako si kama ipo. Ni kama Julai usiku, kando ya Kiwayu, mtu akipiga simu, ni boti gani inatoka na inatoka wapi.

Na El Niño je?

Najua utauliza, juu kila mwaka kuna klipu inazunguka ikisema El Niño inakuja kutumaliza. Jibu fupi: El Niño kwa Pwani na Kenya kwa jumla huwa na nguvu zaidi kwa mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba. Mambo ya Juni hadi Agosti Pwani yanaamuliwa zaidi na bahari yetu wenyewe na huo upepo wa kusini. Kwa hivyo mtu akikuambia mvua ya Julai Nyali ni El Niño, mwambie atulie, angoje utabiri wa Oktoba, ambao kwa kawaida hutoka mwisho wa Agosti ama mapema Septemba.

Lakini kuna funzo la 2023 ambalo hatufai kusahau. Wataalamu walisema mapema kwamba mvua za vuli zitaegemea juu ya kawaida juu ya El Niño. Oktoba, Rais William Ruto akasimama hadharani akasema hiyo El Niño iliyokuwa inaogopwa haitakuja. Watu wakapumua, wengine wakaweka koleo chini. Novemba maji yakaja. Mombasa mitaa ikafurika, Kwale na Tana River wakahama, kaskazini mashariki barabara zikakatika.

Kilichokosekana hapo si sayansi. Asilimia zilikuwa wazi tangu mwanzo. Mtu alichukua kitu cha "kuna uwezekano mkubwa" akakigeuza kuwa "ndio" ama "la", juu sisi wote tunapenda jibu la ndio ama la. Hilo ndilo linatokea na kusi pia, kwa sauti ya chini zaidi. Mwaka ambao onyo lilitolewa na upepo ukalegea, watu wanasema hao wa hewa ni waongo. Mwaka unaofuata wanatoka.

Wewe wa kushuka Agosti

Sijasema usiende. Enda. Kusi iko na raha zake na zingine huzipati kaskazi. Diani huo upepo ndio umeleta wasee wa kuteleza kwa tiara kutoka dunia nzima. Watamu, kuanzia Julai hadi kama Oktoba, nyangumi wenye nundu wanapita na watoto wao. Wametoka Antaktika kukimbia baridi ya kwao, kama wewe tu, ila wao hawajachukua mkopo wa simu kufika. Na usiku unalala bila feni.

Lakini jipange na ukweli. Maji yatakuwa na rangi ya chai ya maziwa siku zingine, si ile buluu ya Instagram, juu mawimbi yanakoroga mchanga. Mwani utakuwa umejaa ufuoni, haunuki vizuri, na hiyo si uchafu wa hoteli, ni msimu. Ukitaka kupiga mbizi uone matumbawe vizuri, weka hiyo safari Oktoba ama Februari.

Kuhusu boti, hapa nisikize vizuri juu niliwahi kufanya ujinga mwenyewe. Julai moja tulikuwa sita, tumelipa pesa ya kushika nafasi tukiwa Nairobi, tumefika ufuoni, nahodha ameangalia maji akasema leo hapana. Sisi tukaanza. Tumetoka mbali, tumelipa, kesho tunarudi, wenzako wametoka mbona. Tulimsukuma hadi akakubali kutupeleka kidogo tu. Nusu saa baadaye dem mmoja wetu anatapika ndani ya boti, mwingine analia anaita mamake, na jaketi za kuelea zilikuwa tatu. Watu sita na wafanyakazi wawili, jaketi tatu. Tulirudi salama. Ilikuwa bahati, na bahati si plani.

Nimefikiria ile siku mara nyingi. Huyo mzee alikuwa amesoma bahari sawasawa. Kilichombadilisha ni pesa yetu. Alihitaji ile siku, na sisi tulijua anaihitaji, tukaitumia. Tulikuwa tajiri wake kwa saa mbili.

So kabla utume hiyo pesa ya boti, fanya hivi. Uliza mapema: upepo ukikataa, tunasogeza siku ama unaturudishia nusu? Mkubaliane kwa ujumbe, iwe imeandikwa. Ukikaa siku nne, weka boti siku ya pili, usiweke ya mwisho, ndio uwe na nafasi ya kuahirisha. Usiku wa kuamkia, fungua utabiri wa siku tano na uangalie upepo, usiangalie picha ya jua na wingu peke yake. Asubuhi hesabu jaketi kabla hesabu ya picha. Zikipungua mtu mmoja, boti haijajaa, imezidi. Na nahodha akisema leo hapana, sema asante mzee, mpe kitu kidogo cha hiyo asubuhi aliyoamka kwa sababu yako, kisha mkatafute pweza wa nazi mahali mketi.

Kisha ukirudi Nai, na ukipita kwa mama anayeuza samaki wa Pwani na upate bei imepanda, kabla uanze kulia juu ya serikali na mabroka, kumbuka kuna upepo umetoka Mascarene unaenda India, na kuna kijana wa umri wako ameketi bandani siku ya tano akiangalia maji. Onyo analo kwa simu. Cha kupika ndio hana.